Constance Babington Smith: Jicho lililofichua ndege ya siri ya Hitler kutoka kwa doa pichani

PICHA ilikuwa nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na ndege iliyopita kwa kasi juu ya pwani ya Ujerumani, na alama iliyomfanya mwanamke huyo asite haikufika hata milimita moja. Ilifanana na msalaba mdogo mno. Wengi wangedhani ni vumbi lililonata kwenye karatasi.

Constance Babington Smith hakudhani hivyo. Siku hiyo ya Desemba 1, 1943, katika jumba moja kando ya Mto Thames nchini Uingereza, afisa huyo wa umri wa miaka 31 alitambua kwamba msalaba huo ulikuwa ndege isiyo na rubani, iliyokuwa imewekwa kwenye reli yake tayari kurushwa. Miezi sita baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la V-1, na wakazi wa London wakaijua kwa mngurumo wake.

Alizaliwa Oktoba 15, 1912 katika familia ya kikabaila. Babake, Sir Henry Babington Smith, alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu serikalini aliyewahi kuwa katibu wa Lord Elgin, gavana mkuu wa Uingereza nchini India, kisha akamwoa binti wa mkubwa wake huyo. Constance alikulia katika nyumba yenye watoto wengi, akasomeshwa nyumbani na baadaye Ufaransa.

Hakuna lolote katika ujana wake lililoashiria kwamba siku moja angekuwa mtu wa ujasusi. Alipohamia London alifanya kazi kwa Aage Thaarup, mbunifu wa kofia za wanawake aliyetoka Denmark na ambaye wateja wake walikuwa watu wa tabaka la juu. Ni kazi ambayo wanajeshi wengi wangeicheka. Hata hivyo, anayeshinda mchana kutwa akipima ukingo na mkunjo wa kofia hujifunza kutofautisha maumbo ambayo macho ya wengine huyaona kuwa kitu kimoja.

Mapenzi yake ya ndege yalianzia Brooklands, uwanja wa mashindano ya magari na ndege uliokuwa kusini magharibi mwa London. Huko alizizoea ndege za kila aina, kubwa kwa ndogo, na akaanza kuandika makala katika jarida la The Aeroplane. Aliijua kila ndege kwa mabawa yake, mkia wake na namna magurudumu yake yalivyokaa, jinsi mchungaji anavyomjua ng'ombe wake kati ya mamia kwa pembe na mabaka.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alijiunga na WAAF, kikosi cha wanawake cha Jeshi la Angani, mnamo 1940. Kabla ya mwaka huo kuisha alikuwa Wembley, ambako wataalamu wachache walikuwa wakichunguza picha zilizopigwa na ndege juu ya nchi za adui. Walimu wa kazi hiyo walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwemo Michael Spender, mpima ramani na kakake mshairi Stephen Spender.

Mwaka 1941 kitengo hicho kilihamia Danesfield House, jumba la kifahari la mawe meupe katika kijiji cha Medmenham. Wakubwa wake walimtwika Constance jukumu la kuanzisha idara ya kuchunguza ndege za adui, iliyopewa herufi L. Wanaume kadha walifanya kazi chini yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika jeshi la enzi hizo. Mmoja wao, Charles Sims, alikuwa mpigapicha wa jarida lile lile la The Aeroplane kabla ya vita.

Medmenham ilikusanya watu ambao pengine wasingekutana mahali pengine popote. Kulikuwa na wanaakiolojia kama Glyn Daniel na Dorothy Garrod, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kulikuwa na wanajiolojia, wachoraji na waigizaji. Sarah Churchill, binti wa Waziri Mkuu Winston Churchill, alikuwa mmoja wa wachanganuzi wa picha. Aliyetakiwa hapo ni mtu mwenye subira, macho makali na mazoea ya kujenga kitu kizima akilini kutokana na kipande tu.

Picha zenyewe zililetwa na marubani waliosafiri bila silaha. Ndege za Spitfire na Mosquito ziliondolewa bunduki ili zibebe mafuta na kamera zaidi, na nyingi zikapakwa rangi ya samawati zisionekane kwa urahisi angani. Kinga ya rubani ilikuwa kasi na kimo peke yake.

Kamera yenye lenzi ya urefu wa sentimita 91 ikipiga picha kutoka mita 9,100 juu ya ardhi, kila kitu hupungua mara 10,000. Ndege ya kivita ya Ujerumani iliyokuwa na upana wa takriban mita 10 kutoka ncha ya bawa hadi nyingine ilikuwa milimita moja kwenye karatasi. Katika milimita hiyo Constance alitarajiwa kueleza ni ndege ya aina gani, ina injini ngapi, imetoka katika kiwanda kipi na kama ni mpya au imefanyiwa marekebisho.

Hesabu hiyo ya kimo na urefu wa lenzi ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi yake yote. Ukijua kimo cha ndege iliyopiga picha, unaweza kupima alama yoyote pichani kwa kipimo chembamba na kupata ukubwa wake halisi. Ndege mbili zinaweza kufanana kwa umbo, lakini ni nadra kufanana pia kwa upana, urefu na mahali injini zilipofungwa.

Nyenzo nyingine ilikuwa stirioskopu, kifaa kidogo chenye lenzi mbili na miguu minne ya waya. Picha zilipigwa kwa mfululizo, kila moja ikifunika zaidi ya nusu ya eneo la ile iliyotangulia. Mbili zilipowekwa sambamba chini ya kifaa hicho, majengo yalisimama, miti ikainuka na mashimo yakazama. Kilichokuwa doa bapa kikawa kitu chenye kimo.

Na pale ambapo umbo lenyewe lilificha siri, kivuli kiliifichua. Ndege iliyopigwa picha kutoka juu haionyeshi ubavu wake, lakini jua la asubuhi hulaza chini kivuli cha mkia na cha magurudumu. Nyasi nazo zilisema. Injini za kawaida za pangaboi haziunguzi ardhi, ilhali injini mpya za ndege za kasi ambazo Wajerumani walikuwa wakizijaribu kwa siri ziliacha michirizi myeusi nyuma yake. Aliyeiona michirizi hiyo uwanjani alijua kuna mgeni, hata kama mgeni mwenyewe alikuwa amefichwa bandani.

Ikumbukwe kwamba kutambua ndege adimu hakuanzi na ndege hiyo adimu. Idara ya L ilitumia siku nyingi kuhesabu ndege za kawaida katika viwanja na viwanda vya Ujerumani na nchi zilizokaliwa, hadi zile za kawaida zikawa kama sura za majirani. Ni kwa sababu hiyo sura ngeni ilipojitokeza, Constance alishtuka kabla hata hajajua kilichomshtua.

Hapo ndipo linapoingia jina la Peenemünde, kijiji kilicho kwenye kisiwa cha Usedom katika Bahari ya Baltiki. Mei 15, 1942, rubani mmoja wa Uingereza aliyekuwa njiani kwenda kwingine aliona uwanja wa ndege na ujenzi mkubwa, akabonyeza kamera. Picha zilipofika Medmenham zilionyesha kuta za mviringo za udongo ambazo hakuna aliyezielewa. Ziliwekwa kwenye faili.

Karibu mwaka mzima ulipita. Katika majira ya kuchipua ya 1943 habari za majasusi kuhusu silaha mpya za Ujerumani zilizidi kurundikana London, na Duncan Sandys, mkwewe Churchill, akaagizwa kulichunguza suala hilo. Ndege za picha zilitumwa tena Peenemünde. Miongoni mwa picha bora zaidi zilikuwa zile za Juni 23, 1943, zilizoonyesha roketi zimelazwa wazi juani.

Constance alikuwa ameagizwa kuangalia chochote kisicho cha kawaida katika uwanja wa ndege. Katika picha za siku hiyo aliona ndege nne ndogo zisizo na mkia, mabawa yake yamerudi nyuma. Alizipima na kupata upana wa takriban futi 30, yaani mita tisa na kidogo. Kwa kuwa hazikuwa na jina lililojulikana, ziliitwa Peenemünde 30. Baadaye ilibainika zilikuwa Me 163, ndege ya kivita iliyosukumwa na injini ya roketi, na ambayo upana wake halisi ni mita 9.3. Kipimo chake kilikuwa kimelenga shabaha.

Usiku wa kuamkia Agosti 18, 1943 Uingereza ilituma ndege karibu 600 kuishambulia Peenemünde. Arobaini hazikurejea. Mamia ya watu waliuawa chini, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kigeni waliolazimishwa kutumika huko, na sehemu hiyo ya simulizi haifai kurukwa kila ushindi wa wachanganuzi unapotajwa. Kazi ya roketi ilicheleweshwa, haikukomeshwa.

Kulikuwa na silaha nyingine, hata hivyo, ambayo shambulio hilo halikuigusa vilivyo. Mapema Novemba 1943, kutokana na taarifa za wapelelezi wa Ufaransa, ndege za picha zilipita juu ya kaskazini mwa nchi hiyo na kukuta ujenzi wa ajabu msituni, mahali paitwapo Bois Carré. Kulikuwa na majengo marefu yenye ncha zilizopinda, mfano wa vile vibao wanavyovaa wazungu miguuni kuteleza kwenye theluji. Maeneo ya aina hiyo yalizidi kugunduliwa hadi yakakaribia mia moja. Katika maeneo mengi palikuwa na msingi wa njia iliyoelekezwa London.

Itarushwa nini kutoka hapo? Douglas Kendall, aliyesimamia uchanganuzi wote wa picha Medmenham, alimwomba Constance atafute ndege ndogo sana isiyo na rubani, ndogo kuliko ndege yoyote ya kivita aliyowahi kuiona.

Alirudi kwenye picha za zamani. Hapa ndipo ubora wake ulipodhihirika, kwani wengi wangesubiri picha mpya. Zile za zamani zilikuwa zimekwisha kuchunguzwa na macho kadha, yakiwemo yake mwenyewe. Alizitoa tena na kuzipitia kwa lenzi ya kukuzia, sentimita kwa sentimita. Katika kona ya ua mmoja nyuma ya mabanda ya ndege ya Peenemünde, karibu na jengo alilolishuku kuwa la kujaribia injini, palikuwa na msalaba mdogo. Upana wake ulikuwa takriban futi 20. Ukaitwa Peenemünde 20.

Ndege hiyo ilikuwa hapo wakati wote, mbele ya macho ya kila aliyeishika picha ile. Haikuonekana kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kuwepo.

Ugunduzi huo haukutosha. Ndege ndogo iliyotulia uani haithibitishi kwamba ndiyo itakayorushwa kutoka Ufaransa. Novemba 28, 1943, rubani John Merifield aliondoka na ndege ya Mosquito kwenda kupiga picha Berlin, lakini akakuta jiji limefunikwa na mawingu. Badala ya kurudi mikono mitupu alielekea pwani ya Baltiki, akapiga picha Zinnowitz na Peenemünde, kisha akarejea. Mawingu hayo ya Berlin yalibadilisha mkondo wa mambo.

Picha za Zinnowitz zilionyesha majengo yaliyolandana na ya Bois Carré. Constance naye aliichukua picha ya Peenemünde na kufuata ukingo wa uwanja wa ndege kuelekea baharini, sehemu ambayo kwa kawaida haikumhusu mtu wa ndege. Huko aliona miundo fulani iliyoinuka mfano wa ngazi. Wachanganuzi wa idara nyingine walikuwa wameiona zamani na kuamua kwamba ni mitambo ya kuchimba matope, kwa vile sehemu hiyo ya ufuo ilikuwa ikijazwa udongo.

Aliiangalia tena. Kwenye mmoja wa miundo hiyo, upande wa chini wa reli, ulikaa msalaba ule ule. Kendall aliitwa na kuthibitisha. Sasa mambo yote matatu yaliungana: ndege ndogo, reli ya kuirushia, na misitu ya Ufaransa.

Mashambulizi dhidi ya maeneo ya Ufaransa yalianza Desemba hiyo hiyo na kuendelea kwa miezi. Wajerumani walilazimika kuyaacha mengi ya majengo hayo na kubuni mengine mepesi yaliyokuwa magumu kutambuliwa kutoka angani. V-1 ya kwanza haikuvuka bahari hadi Juni 13, 1944, wiki moja baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Jenerali Dwight Eisenhower, aliyeongoza uvamizi huo, aliandika baada ya vita kwamba lau Wajerumani wangezikamilisha silaha zao mpya miezi sita mapema, kutua Ulaya kungekuwa kugumu mno na pengine kusingewezekana.

Ndege hiyo ya urefu wa takriban mita nane na upana wa mita 5.4 ilibeba kilo 850 za baruti. Watu sita waliuawa siku ya kwanza katika mtaa wa Bow, mashariki mwa London. Hadi vita vilipomalizika, kiasi cha V-1 elfu kumi zilikuwa zimerushwa kuelekea Uingereza na takriban watu 6,000 kuuawa. Nusu ya zile zilizorushwa au hata zaidi hazikufika zilikokusudiwa, ama kwa kuanguka zenyewe ama kwa kudunguliwa na mizinga na ndege zilizokuwa zimepewa muda wa kujiandaa.

Sifa ya ugunduzi huu imezua mabishano. Mwanasayansi R.V. Jones, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa kisayansi katika Jeshi la Angani, alitofautiana na watu wa Medmenham kuhusu nani aliona nini kwanza Peenemünde, hususan roketi. Haiyumkiniki kumpa mtu mmoja heshima yote. Kulikuwa na majasusi wa Ufaransa waliohatarisha maisha, marubani wasiokuwa na bunduki, na wachanganuzi kama Andre Kenny waliokesha na picha za viwanda. Lakini kwa ndege ile ndogo, jicho lilikuwa la Constance.

Filamu ya Operation Crossbow ya 1965 ilimwonyesha, sehemu yake ikiigizwa na Sylvia Syms, na tangu hapo jina lake likakaa vichwani mwa wapenzi wa ndege. Filamu hupenda tukio la dakika moja. Miaka miwili ya kuhesabu ndege za kawaida kabla ya dakika hiyo si rahisi kuigiza.

Vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945, alitumwa Marekani kusaidia uchanganuzi wa picha za vita vya Pasifiki. Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE na Marekani ikampa ile ya Legion of Merit. Alibaki Marekani akiwa mtafiti katika jarida la Life hadi 1950, kisha akarudi kwao na kuhamia Cambridge.

Kitabu chake kuhusu kazi ya Medmenham, Evidence in Camera, kilichapishwa miaka ya mwisho ya hamsini, siri nyingi zikiwa bado zimefungiwa kabatini. Kilifuatwa na Testing Time cha 1961, kinachohusu marubani wa kujaribu ndege mpya, na wasifu wa Amy Johnson, mwanamke wa kwanza kurusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, mwaka 1967.

Baadaye aliziacha ndege na kuandika kuhusu waandishi. Alihariri barua za mwandishi wa riwaya Rose Macaulay, jamaa yake, na kuandika wasifu wake mwaka 1972. Mwaka 1978 ulikuja wasifu wa mshairi John Masefield. Kitabu chake cha 1983 kilimhusu Iulia de Beausobre, Mrusi aliyeteswa katika magereza ya Stalin na kuishi uhamishoni Uingereza.

Constance Babington Smith alifariki Julai 31, 2000, akiwa na umri wa miaka 87. Picha za Medmenham, zinazohesabika kwa mamilioni, zilihamishiwa Edinburgh, Scotland, mwaka 2008. Wapenzi wa ndege za kale huzitumia kutafuta aina adimu ambazo hazikusalia hata moja katika majumba ya makumbusho. Wataalamu wa Ujerumani nao huzinunua kwa sababu nyingine: kila kunapojengwa barabara au nyumba mpya huwalazimu kuzitazama, kutafuta mashimo madogo ya duara yanayoonyesha mahali ambapo bomu lilianguka na halikulipuka.